Kurudisha Baridi Katika Motokaa ya Zamani

Je, umepata kusimama kando ya barabara kuu itokayo Makambako kuja Songea, mchana wa Oktoba au Novemba, kabla mvua hazijaanza? Jua ni kali, jani halitikisiki, na mara motokaa inapita imefunga vioo vyote. Mtoto anakuuliza: "Baba, wale waliomo ndani hawaungui na joto?" Unamjibu: "Wana mashine ya baridi." Mtoto haridhiki: "Na hiyo baridi wanaipata wapi?" Hapo baba wengi hunyamaza, au humtuma mtoto akawatazame mbuzi.

Leo tulijibu swali la mtoto huyo. Wala hatutachukua motokaa mpya. Tutachukua ya zamani, ndogo, ya milango miwili, ya namna ya zile za mashindano, ambayo kiyoyozi chake kilikufa siku nyingi na mwenyewe anataka kukirudisha. Huenda utasema: "Jambo hili lanihusu nini mimi, mkulima wa mahindi? Sina hata pikipiki." Ngoja kwanza. Gari si lako, lakini fundi anayelala chini yake katika gereji ya mjini Songea huenda ni mwanao. Na gesi atakayoiachia itoke haitabaki gerejini. Itapanda katika anga ambalo ni lako pia.

BARIDI HUTOKA WAPI?

Jambo la kwanza lishike sana: hakuna mashine itengenezayo baridi. Baridi ni ukosefu wa joto tu, kama giza lilivyo ukosefu wa mwanga. Mashine ya baridi ni mchukuzi. Huchukua joto mahali pamoja ikalitua mahali pengine.

Wewe mwenyewe unazo mashine za namna hiyo nyumbani. Tazama mtungi wa udongo. Maji hupenya polepole katika udongo, hutokea nje kama jasho, kisha hukauka. Yakikauka huondoka na joto, na maji yaliyobaki ndani hupoa. Au kumbuka siku muuguzi alipokupaka spiriti mkononi kabla ya sindano. Ulisikia baridi, ingawa ile spiriti haikuwekwa katika barafu. Iligeuka kuwa mvuke upesi, ikachukua joto la ngozi yako. Basi, kanuni ni hii: kitu cha majimaji kikigeuka kuwa mvuke hunyang'anya joto la jirani yake. Na mvuke ule ukibanwa ukarudi kuwa majimaji, hulitoa tena joto ulilolichukua.

Maji huchemka kwa digrii 100 kule pwani. Hapa Songea, tulipo zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, sufuria yako huchemka yapata digrii 96, kwa sababu hewa ya juu yake ni nyepesi. Lakini zipo gesi ambazo huchemka hata katika baridi kali. Ile iitwayo R134a, itumikayo katika motokaa nyingi, huchemka kwa digrii 26 chini ya sifuri. Kwake yeye, hata asubuhi ya Njombe ni kama jiko la moto.

SAFARI YA GESI NDANI YA MOTOKAA

Sasa tufungue boneti. Karibu na injini kuna pampu inayozungushwa na mkanda. Mafundi huiita kompresa. Hiyo huubana mvuke wa gesi mpaka unakuwa moto sana. Mvuke huo husukumwa mbele, mpaka kwenye wavu wa mabomba uliokaa mbele ya rejeta, uitwao kondensa. Upepo wa njiani na feni huupoza, nao hugeuka kuwa majimaji. Hapo joto limetupwa nje.

Yale majimaji hupita katika chupa ndogo ya kukaushia, ambayo ndani yake mna dawa ya kunywa unyevu. Kisha hufika kwenye valvu yenye tundu jembamba. Yakishapita tundu hilo hupata nafasi, nguvu ya kubanwa hupungua ghafula, nayo huanza kuchemka ndani ya wavu wa pili uliofichwa chini ya dashibodi. Huo huitwa evaporeta. Yakichemka hunyang'anya joto la hewa ya ndani, na feni humletea abiria hewa iliyopoa. Mvuke hurudi kwenye kompresa, na safari huanza tena.

Umepata kuona maji yakidondoka chini ya gari lililosimama, ukadhani linavuja? Mara nyingi ni jasho la evaporeta tu, kama lile la mtungi wako.

Zingatia basi: gesi hii haichomwi kama petroli. Huzunguka tu ndani ya mabomba yaliyofungwa. Mtu akikuambia kwamba gari "limekula gesi", jua kwamba pana mahali panapovuja.

MASHINE ZA ZAMANI

Mwaka 1902 Mmarekani mmoja, Willis Carrier, alitengeneza mashine ya kupunguza unyevu wa hewa katika kiwanda cha kupiga chapa mjini Brooklyn, kwa sababu karatasi zilikuwa zikijikunja na rangi hazikukaa mahali pake. Huo ndio mwanzo wa viyoyozi vya leo. Mwaka 1939 kampuni ya Packard ya Marekani ilionyesha motokaa yenye kiyoyozi. Sehemu yake kubwa ilikaa nyuma katika buti, na dereva aliyetaka kukizima kabisa ilimbidi asimame, afungue boneti na kuuvua mkanda! Mwaka 1963 Chevrolet Corvette, gari la michezo la Wamarekani, likaanza kuuzwa na kiyoyozi kwa yeyote aliyekitaka.

Na sisi Afrika Mashariki tuna kumbukumbu zetu. Wazee wanakumbuka mashindano ya East African Safari, yaliyoanza mwaka 1953, na jinsi watoto walivyokimbilia barabarani kuona vumbi. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda kwa gari la namna ile ile. Gari hilo dogo la Kijapani, lenye pua ndefu na viti viwili, lingali likipendwa na watu duniani. Huko Marekani kiyoyozi chake mara nyingi hakikutiwa kiwandani, bali na wauzaji, wakikifunga chini ya dashibodi. Ndiyo maana gari moja haliwi sawa na jingine, na anayetaka kurudisha kiyoyozi hicho leo hukuta mabano yaliyopotea, mipira iliyopasuka, na kompresa kuukuu iliyoshika kutu.

GESI ILIYOTOBOA NGAO

Motokaa za siku zile zilijazwa gesi iitwayo R12. Ilikuja kujulikana karibu mwaka 1930, kazi ya Thomas Midgley na wenzake wa Marekani. Watu waliishangilia. Haikuwaka moto, haikunuka, wala haikuwa sumu kama gesi nyingine zilizotumika katika friji kabla yake. Nani angeweza kuona ubaya wake?

Lakini mwaka 1974 wataalamu wawili, Mario Molina na Sherwood Rowland, walionyesha kwamba gesi za namna hiyo zikitoroka hazifi upesi. R12 hudumu angani kama miaka 100. Hupanda juu sana, na huko jua huivunja ikatoa klorini, nayo klorini huiharibu ozoni. Ozoni ni ngao aliyotuwekea Mungu juu yetu. Huzuia ile miali mikali ya jua ichomayo ngozi na kuharibu macho. Mwaka 1985 wataalamu wa Uingereza walitangaza kwamba juu ya Antaktika, bara la barafu, ngao ile ilikuwa imepungua mno wakati wa majira ya machipuko.

Utasema: Antaktika ni mbali. Ni kweli. Lakini anga halina mpaka wa wilaya wala wa nchi. Na sisi tunaolima juani kutwa, na zaidi ndugu zetu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina kinga, tunajua jua ni nini.

Basi, tarehe 16 Septemba 1987 mataifa yalitia saini Mapatano ya Montreal ili kuziacha gesi hizo. Tanzania ilijiunga mwaka 1993. Mwaka 1995 Molina na Rowland, pamoja na Paul Crutzen wa Uholanzi, walipewa tuzo ya Nobel. Leo mataifa yote ya dunia yamo katika mapatano hayo, na mwaka 2023 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza kwamba ngao inapona. Yakiendelea mambo hivi, sehemu kubwa ya dunia itairudia hali ya mwaka 1980 yapata mwaka 2040. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliyataja mapatano hayo kuwa mfano wa watu kuweza kupatana kwa ajili ya nyumba yetu ya pamoja. Lakini katika waraka huo huo alionya juu ya viyoyozi vinavyozidi kuongezeka kwa sababu ya mazoea ya kutumia na kununua tu.

Gesi iliyoshika mahali pa R12 katika motokaa ni hiyo R134a. Hiyo haiharibu ozoni. Hata hivyo si malaika. Kilo moja ikitoroka hewani huongeza joto la dunia, kwa miaka 100, kama kilo 1,400 hivi za hewa ya ukaa. Kwa hiyo mataifa yalikutana tena Kigali, Rwanda, mwaka 2016, yakakubaliana kupunguza gesi za namna hiyo pia.

KAZI YA FUNDI MWAMINIFU

Sasa tuseme mtu amerudi Songea na motokaa yake ya zamani, naye anamkabidhi mwanao. "Kijana, nirudishie baridi. Nikienda Tunduru au Mbamba Bay nataabika na joto." Afanye nini?

Kwanza, aitazame injini kabla ya kiyoyozi. Kondensa itakaa mbele ya rejeta na kuipulizia hewa moto, na kompresa itakula nguvu ya injini. Rejeta iliyoziba na feni dhaifu zitachemsha maji katika vilima vya Lukumburu. Alteneta nayo itazamwe kama yaweza kulisha feni na taa pamoja.

Pili, kama ndani mmebaki gesi ya zamani, isiachiwe hewani. Ikusanywe kwa mashine yake, iingie katika mtungi wake. Kama gereji haina mashine hiyo, kijana aseme kweli, na gari lipelekwe kwa mwenye nayo. Tena avae miwani na glovu. Gesi hii ikitoka kama majimaji hugandisha ngozi, na ikiingia machoni yaweza kupofusha. R12 ikikutana na moto wa kuchomelea hutoa mvuke wa sumu.

Tatu, yaliyochakaa yabadilishwe. Mafuta ya kompresa ya R12 hayachanganyiki na R134a, kwa hiyo mabomba yasafishwe na mafuta yafaayo yatiwe. Mipira ya zamani hupitisha R134a polepole. Itafutwe ile yenye ngozi ya ndani ya kuizuia. Oringi ziwe mpya. Chupa ya kukaushia iwe mpya siku zote, kwa maana ile ya zamani imekwisha kushiba unyevu. Wengi huiacha kompresa ya kale na kuweka ndogo ya siku hizi, kama zile za Sanden za Japani. Hapo mabano lazima yatengenezwe vizuri, mkanda uende sawasawa, usipinde.

Nne, ajaribu kama panavuja kabla ya kutia gesi. Hutumia hewa kavu ya naitrojeni na povu la sabuni katika kila kiungo. Asitumie oksijeni ya kuchomelea kamwe! Oksijeni ya nguvu ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka na kuua.

Tano, pampu ya kunyonya hewa ifanye kazi nusu saa au zaidi. Kwa nini? Kumbuka sufuria yetu ya Songea. Hewa ikipungua, maji huchemka mapema. Hewa ikinyonywa karibu yote, hata unyevu uliofichika ndani ya mabomba huchemka bila moto na kutoka. Ukiachwa, utaganda katika lile tundu jembamba na kuliziba, nao huzaa asidi ilayo chuma. Kisha pampu izimwe na fundi aketi akitazama geji. Mshale ukitulia, vema. Mshale ukipanda, kuna ufa, naye aanze tena kutafuta.

Sita, gesi ipimwe kwa mizani, si kwa kukisia. Gari lililokuwa la R12 huhitaji R134a pungufu kidogo, kama sehemu nane au tisa katika kumi. Mwisho, abandike karatasi chini ya boneti, aandike gesi gani imo, kiasi gani na tarehe gani, ili fundi atakayefuata asikosee. Hiyo ni hisani kwa mtu asiyemjua.

HILA TATU ZA KUKATAA

Katika kazi hii vishawishi ni vingi, na vyote huanza kwa neno moja: rahisi.

Hila ya kwanza ni kutia gesi bila kuziba ufa. Baridi hurudi leo, mteja hufurahi, hulipa. Baada ya miezi mitatu baridi imekwisha, hurudi tena, hulipa tena. Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hapa fundi anajua ufa upo, naye anaufanya shamba lake la kuvuna. Huo ni wizi, ingawa hakuna dirisha lililovunjwa.

Hila ya pili ni kutia gesi ya kupikia. Ni kweli, nayo huleta baridi. Hata friji nyingi za nyumbani za siku hizi hutumia gesi iwakayo, lakini kidogo sana, na zimetengenezwa kwa ajili hiyo tangu kiwandani. Motokaa ya zamani haikutengenezwa hivyo. Evaporeta imekaa miguuni pa abiria. Ikivuja vioo vimefungwa, cheche moja yatosha.

Hila ya tatu ni mitungi ya bandia, yenye maandishi mazuri na bei ndogo. Mwaka 2011 makontena ya baridi ya melini yaliyotiwa gesi ya bandia yalilipuka, yakaua mafundi huko Vietnam na Brazil. Ndani yake mlikuwa na gesi ambayo hula aluminiamu na kuzaa kitu kiwakacho chenyewe kikikutana na hewa. Wafanyakazi wale walikwenda kazini asubuhi kama mwanao aendavyo.

NENO KWA WAZAZI

Mzazi, huenda umekwisha kusahau R12 na R134a. Si kitu. Lakini hili usilisahau: kazi ya ufundi ni kazi ya dhamiri. Mwenye gari haoni ndani ya bomba. Hajui kama pampu ilinyonya nusu saa au dakika tano. Anayeona ni fundi na Mungu.

Abasia ya Peramiho ilianzishwa mwaka 1898, nayo imewafundisha vijana wetu ufundi kwa vizazi vingi. Wamonaki wa Mtakatifu Benedikto husema: Sala na kazi. Katika Kanuni yake Mtakatifu Benedikto aliandika sura nzima juu ya mafundi wa monasteri. Alitaka wafanye kazi kwa unyenyekevu, na asiwepo yeyote afanyaye udanganyifu katika bei. Tena alitaka vyombo vya kazi vitazamwe kama vyombo vitakatifu vya altare. Fikiri juu ya hilo, msomaji. Spana iliyojaa grisi, na kalisi!

Basi, mwanao akija nyumbani Krismasi, usimwulize tu amepata shilingi ngapi. Mwulize: "Mwanangu, ulipofungua mashine ile, gesi uliipeleka wapi? Uliuziba ufa?" Atashangaa kwamba mzee wa kijijini anajua mambo hayo. Hapo atatambua kwamba kazi yake inaonwa na kuheshimiwa nyumbani kwao.

Mwonye pia juu ya jambo moja: watu wasilale ndani ya motokaa iliyofungwa huku injini ikiunguruma kwa ajili ya baridi. Moshi wa eksosi ukiingia huua kimya kimya. Wala mtoto asiachwe ndani ya gari lililofungwa juani, hata kwa muda wa kununua chumvi.

Na yule mtoto wa barabarani, sasa waweza kumjibu: "Mwanangu, hawakuipata baridi mahali popote. Wamelitoa joto nje tu, kama mtungi wa bibi yako ufanyavyo." Kisha mpe maji ya mtungini anywe, naye ataelewa.